Kamati Mpya Imeingia: Kanuni za Kamati ya Zamani Bado Zinatufunga?

Chama chetu ni cha wafanyabiashara wa mpakani, hapa Busia upande wa Uganda. Wengine wanauza mitumba, wengine mchele, wengine mahindi ya kuvusha, na akina mama kadhaa wanauza dagaa, samaki wadogo tunaowaita mukene. Mwaka tulipochagua kamati mpya mimi nilikuwa katibu, na nilibaki kuwa katibu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi ya kuandika.

Kikao cha kwanza, mwenyekiti mpya alifungua hivi: "Zile kanuni zilikuwa za Mzee. Mzee kaondoka, kaondoka nazo." Watu wakapiga makofi. Kanuni iliyokuwa ikimkera ni ya mikopo: mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Wiki mbili hazijaisha, rafiki yake mmoja akapewa mara tano.

Mwezi uliofuata tukaenda sokoni kudai marejesho. Mama mmoja wa dagaa, aliyekuwa akidaiwa laki nne na ushei, alitusikiliza huku anapepeta dagaa zake kwenye ungo, mchanga unadondoka kwenye gunia miguuni pake. Tulipomaliza akauliza, "Huo mkopo nilipewa na nani?" Tukasema, na kamati. "Kamati ipi?" Tukatazamana. "Basi, kama kanuni za Mzee zimeondoka na Mzee, na deni langu liko kwake huko huko. Mfuateni." Akaendelea kupepeta.

Baadaye alilipa, tena kabla ya siku. Lakini siku ile alikuwa amevuta hoja ya mwenyekiti hadi mwisho wake, na tulirudi ofisini bila shilingi na bila jibu. Haya ninayoyaandika ni hatua tulizolazimika kuzifuata baada ya aibu hiyo. Zitamfaa katibu wa SACCO, wa kikundi cha sanduku (wale wanaoweka akiba na kukopeshana kutoka sanduku moja), wa chama cha waendesha boda wa steji, hata wa kampuni ndogo ya ndugu watatu.

Hatua ya kwanza: jua anayefungwa ni nani

Watu huongea kana kwamba kamati ndiyo chama. Kamati ni watu saba au tisa walioshikishwa funguo kwa muda. Chama ni kitu kingine, na sheria ya Uganda inakitambua hivyo. Ushirika ukishaandikishwa na Msajili wa Vyama vya Ushirika unakuwa mtu mbele ya sheria: una mali kwa jina lake, unashtaki na kushtakiwa, na hauzikwi hata waanzilishi wake wote wakizikwa. Kampuni ni vivyo hivyo. Hoja hiyo ilikatwa Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, na mahakama za huku zikairithi. Kwa hiyo kamati inapopitisha kanuni, aliyesema ni chama, kamati ni kinywa tu. Kinywa kikibadilika, neno lililokwisha kutamkwa linabaki la chama.

Mfano mkubwa tunaishi nao. Sheria yenyewe ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1991 na NRC, lile baraza lililofanya kazi ya Bunge baada ya vita vya msituni. Baraza hilo halipo tangu 1996. Katiba ya nchi imekuja mwaka 1995, Mabunge yamekaa na kuondoka, na sheria ile ingali inawafunga wanaushirika wa leo, pamoja na marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2020. Ingekuwa kila anayechaguliwa anaanza na karatasi nyeupe, tusingekuwa na sheria ya kuendeshea hata uchaguzi wenyewe.

Kikundi ambacho hakijaandikishwa popote hakina huo utu wa kisheria. Kinachowafunga wenyewe ni makubaliano yao, ile katiba waliyoitia saini au dole gumba. Lakini jibu halisogei mbali: makubaliano yalikuwa ya wanachama wote, mwenyekiti alikuwa mmoja wao, na kumbadilisha yeye hakuyavunji. Akina mama wa vikundi vya sanduku wanalielewa hili bila wakili. Sanduku lina makufuli matatu, na kila ufunguo una mshikaji wake. Uchaguzi ukipita, funguo zinahama mikono. Makufuli ni yale yale.

Hatua ya pili: leta karatasi zote mezani

Usibishane na mtu kabla ya hapa. Sisi tulibishana wiki tatu juu ya kanuni ambayo hakuna aliyekuwa ameisoma.

Unachotafuta ni cheti cha usajili, sheria ndogo zenye muhuri wa Msajili (bailo, kama wengi wanavyoziita), kitabu cha kumbukumbu za mikutano mikuu, kitabu cha kumbukumbu za kamati, sera zozote zilizoandikwa, mikataba, na barua mlizoandikiana na benki. Vitabu vya mikutano mikuu na vya kamati visichanganywe. Utaona baadaye kwa nini.

Vya kwetu vilikuwa kwa mweka hazina wa zamani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kauntabuku tatu. Moja mchwa walikuwa wamekula jalada na kurasa za mwanzo, na zilizobaki zilinuka mafuta ya taa aliyowapulizia. Alitukabidhi bila kinyongo, ila alitaka tuandike orodha na kutia saini, kila kitu na hali yake, pamoja na zile kurasa zilizoliwa. Nilidhani anatusumbua. Alikuwa anatufundisha kazi.

Nakala inayozunguka mkononi mwa wanachama msiitegemee. Kwetu fotokopi ya sheria ndogo ilikuwa na ukurasa mmoja wa ziada wenye kichwa "Marekebisho", umepigwa chapa vizuri kabisa. Tulipoenda kuulinganisha na nakala iliyosajiliwa, haukuwepo. Mkutano mkuu ulikuwa umeyapitisha kweli, lakini hakuna aliyeyapeleka kwa Msajili, na marekebisho ya sheria ndogo za ushirika hayawi halali mpaka yasajiliwe. Miaka yote tulikuwa tunafuata ukurasa usio na nguvu. Mahali pa kuanzia kutafuta nakala ni kwa afisa biashara wa wilaya. Ndiye anayesimamia vyama huku chini, na mara nyingi ana faili lenu hata kama nyinyi mmepoteza la kwenu.

Na hapa niseme la lugha. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sheria ndogo nyingi bado zimeandikwa Kiingereza, na wanachama wengi hawajawahi kuzisikia zikisomwa kwa lugha wanayoongea sokoni. Mkizitafsiri kwa matumizi yenu, vizuri sana. Ila mkibishana, inayotawala ni ile iliyosajiliwa, si tafsiri ya katibu, hata katibu akiwa mimi.

Hatua ya tatu: panga karatasi kwa uzito

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na hapa ndipo vyama vingi vinapotea. Neno "kanuni" hubeba mambo manne au matano yasiyolingana. Zitenganishe kwa swali moja: nani aliiweka, kwa hiyo nani ana uwezo wa kuiondoa?

Juu kabisa ni sheria ya nchi. Kwa ushirika, ile ya 1991 na kanuni zake. Kwa SACCO, pia Sheria ya Taasisi Ndogo za Fedha ya 2016 iliyoleta UMRA, mamlaka ya kudhibiti taasisi hizo. Kwa kampuni, Sheria ya Makampuni ya 2012. Bodi ya magavana ya sekondari na kamati ya shule ya msingi nazo zinasimama juu ya Sheria ya Elimu ya 2008, kwa hiyo uhuru wao wa kujitungia ni mdogo kuliko wajumbe wengi wanavyodhani. Hizi hakuna uchaguzi wenu unaozigusa.

Chini yake ni katiba au sheria ndogo za chama. Zinawafunga wanachama wote, aliyekuwepo zilipopitishwa na aliyejiunga jana. Kamati haiwezi kuzibadilisha. Inaweza kupendekeza mabadiliko, basi.

Halafu kuna maazimio ya mkutano mkuu: viwango vya hisa, ukomo wa mikopo, posho za wajumbe, ununuzi wa kiwanja. Kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu haiwezi kufuta kilichoamuliwa na mkutano mkuu. Ni kama mtoto kufuta agizo la baba kwa sababu baba kaenda shamba.

Nne ni kanuni na maamuzi ya kamati yenyewe: siku ya kikao, faini ya kuchelewa, nani anatia saini vocha za matumizi madogo, ofisi inafungwa saa ngapi. Hizi kamati mpya inaweza kuzibadilisha siku yoyote inayotaka, kwa kikao halali. Lakini mpaka izibadilishe, zinasimama. Watu wengi husikia sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo wakaondoka kabla ya sehemu ya pili. Kuwa na uwezo wa kuvunja ukuta hakuufanyi uwe umekwisha anguka.

Mwisho ni desturi. Mweka hazina ndiye anayenunua chai. Mkutano haufunguliwi bila dua na sala. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyepiga kura. Hizi hazimfungi mtu, ila ukizibadilisha tangaza mapema, kwa sababu watu hukasirika kwa chai kuliko kwa katiba.

Sasa turudi kwenye kanuni yetu ya mara tatu. Mwenyekiti aliamini ni kanuni ya kamati ya Mzee, yaani iko daraja la nne. Mimi pia niliamini hivyo. Nilianza kwenye kitabu cha kamati, nikasoma jioni mbili kwa taa ya simu, sikuiona. Nikaichukua ile iliyoliwa na mchwa, ya mikutano mikuu. Ilikuwa humo, ukurasa ambao kona yake imebaki kama jani la muhogo lililoliwa na panzi: wanachama waliamua mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Imependekezwa na fulani. Imeungwa mkono na fulani. Huyo fulani wa pili alikuwa mwenyekiti wetu mpya, wakati huo mwanachama wa kawaida anayelalamika kwamba wakubwa wanakopa kupita kiasi.

Nilimwonyesha faraghani. Alisoma jina lake mara mbili, akacheka, akasema, "Kumbe nilikuwa na akili." Tangu siku hiyo nimemheshimu.

Hatua ya nne: tazama kama kanuni ina mwisho wake yenyewe

Kuna mambo yanayokufa bila kuuawa. Bajeti ya mwaka huisha na mwaka. Kamati ndogo ya maandalizi ya sherehe huisha sherehe zikiisha. Azimio lililoandikwa "kwa muhula huu" huisha na muhula. Mtu aliyeteuliwa na kamati kuwakilisha chama mahali fulani, kama barua yake inasema "kwa kipindi cha kamati hii", naye amemaliza.

Vyombo vingine vimejiwekea utaratibu wa kuanza upya. Baraza la Wawakilishi la Marekani huchaguliwa lote kila baada ya miaka miwili, na kila baraza jipya hupigia kura kanuni zake za vikao upya. Seneti ya huko huko haifanyi hivyo: inachaguliwa theluthi moja moja, kwa hiyo inajihesabu haijawahi kuvunjika, na kanuni zake zinaendelea. SACCO ambazo wajumbe wa bodi hutoka kwa zamu, baadhi mwaka huu, baadhi mwaka ujao, zinafanana na hiyo Seneti. Vikundi vya sanduku vinakaribia lile Baraza: mzunguko wa miezi tisa hadi kumi na miwili ukiisha, pesa zinagawanywa, viongozi wanachaguliwa, katiba inasomwa tena na kuguswa panapohitajika kabla ya mzunguko mpya. Hapo kweli unaweza kusema kanuni zimefanywa upya. Lakini ni kwa sababu kikundi kimekubaliana hivyo tangu mwanzo. Chama ambacho hakijaandika utaratibu huo hakiwezi kuudai siku unapomfaa mtu.

Hatua ya tano: pima kama ilikuwa halali tangu ilipozaliwa

Uzee wa kanuni hauifanyi halali. Kanuni ya kamati inayopingana na sheria ndogo haikuwahi kuwa kanuni, hata kama imefuatwa miaka kumi. Vivyo hivyo uamuzi uliofanywa na watu watatu pale ambapo akidi, hiyo koramu, ni watano.

Kuna kanuni za dakika za mwisho. Kamati inajua imeshindwa, inakaa usiku wa kuamkia makabidhiano, inapitisha kwamba wajumbe wanaoondoka wataendelea kupata posho, au kwamba "kanuni hii haitabadilishwa kamwe". Hiyo ya pili isikutishe. Kamati haiwezi kuifunga mikono kamati itakayofuata yenye uwezo ule ule. Neno "kamwe" kwenye kitabu cha kamati lina nguvu mpaka kikao kingine halali. Ni tofauti kama sheria ndogo zenyewe ndizo zinazosema kipengele fulani kinahitaji theluthi mbili. Hapo aliyefunga ni mwenye nguvu kuliko kamati, na lazima mtafute theluthi mbili hizo.

Onyo moja. Kuona kasoro hakukupi ruhusa ya kuipuuza kanuni kimyakimya. Ileteni kikaoni, someni kipengele kinachopingwa na kile kinachokipinga, amueni, andikeni. Mjumbe mmoja akianza kuchagua zipi halali na zipi si halali kichwani mwake, hamna chama tena.

Hatua ya sita: kuibadilisha, tokea mlango ulioingilia

Kama iliingia kwa kamati, itatoka kwa kamati. Kama iliingia kwa mkutano mkuu, itatoka kwa mkutano mkuu, na jambo lenyewe liwe limetajwa kwenye taarifa ya mkutano. Usilifiche chini ya "mengineyo". Kama ni sheria ndogo za ushirika, mkutano mkuu kisha Msajili, na mpaka Msajili aandikishe mnaendelea na za zamani. Kampuni ikitaka kubadilisha katiba yake inahitaji azimio maalum: taarifa ya siku zisizopungua 21, na robo tatu ya kura za waliohudhuria. Wakurugenzi wapya wanne walioshinda kwa wingi wa kawaida wa kura hawana robo tatu hiyo mfukoni eti kwa sababu wameshinda.

Maandishi yawe mafupi na yaseme mambo manne: nani waliokaa, kinachofutwa, kinachowekwa, na siku ya kuanza. Hivi ndivyo nilivyoandika ya faini yetu:

"Kamati, wakiwepo wajumbe saba kati ya tisa, imefuta kanuni yake ya faini ya shilingi 5,000 kwa anayechelewa mkutano, na badala yake imeweka faini ya shilingi 2,000. Kanuni mpya inaanza mkutano ujao. Faini zilizotozwa kabla ya hapo zinabaki zilivyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anadaiwa faini tatu za zamani na akisema aliyemtoza hayupo tena. Bila sentensi ile angesema pia kwamba kanuni haipo. Kubadilisha kunaangalia mbele. Aliyekosea chini ya kanuni ya zamani alikosea, na aliyepata haki chini yake anabaki nayo.

Na usivunje kwanza ukabadilishe baadaye. Mkopo wa mara tano wa yule rafiki ulitolewa hivyo. Swali likazuka: je, mkopo huo ni halali? Pesa alichukua, kwa hiyo deni ni deni na atalipa lote pamoja na riba. Walio na kesi ni walioidhinisha, kwa sababu walipita mpaka waliowekewa na wanachama. Kwetu waliandika barua ya kukiri, na mkopaji akapunguza deni lake hadi chini ya mara tatu ndani ya miezi mitano. Kwingine ingeishia kwa kuwavua ujumbe.

Hatua ya saba: ahadi kwa watu wa nje usizichezee

Kanuni za ndani mnaweza kuzigeuza. Mkataba na mtu wa nje una pande mbili, na upande wa pili hakupiga kura kwenye uchaguzi wenu. Kodi ya ofisi mliyokubaliana na mwenye nyumba inaendelea. Mkopo wa benki unaendelea. Hata ikitokea kwamba kamati ya zamani haikufuata taratibu zake za ndani, mtu wa nje aliyefanya nayo biashara kwa nia njema kwa kawaida analindwa. Makampuni yameishi na kanuni hiyo tangu kesi ya Turquand ya Uingereza, mwaka 1856.

Wanaoumia zaidi hapa ni wafanyakazi. Kamati mpya inaingia na mpwa wa mtu anahitaji kazi, basi karani anaambiwa, "Wewe ulikuwa wa wale." Karani aliajiriwa na chama. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa notisi: aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka, wiki mbili; mwaka mmoja hadi mitano, mwezi mmoja; mitano hadi kumi, miezi miwili; kumi na zaidi, miezi mitatu. Tena lazima kuwe na sababu, na "ulikuwa wa wale" si sababu.

Hatua ya nane: kikao cha kwanza

Makabidhiano yafanyike kwa orodha, wote wawili wakitia saini. Benki ipelekewe kumbukumbu za uchaguzi na azimio la kubadilisha watia saini mapema iwezekanavyo, kwa sababu mpaka benki ibadilishe, inawatambua wale wale wa zamani. Nimeona chama ambacho mtu aliyeshindwa uchaguzi alibaki mtia saini miezi minane, na kila hundi ilibidi apelekewe nyumbani kwa heshima zote.

Kisha someni kanuni zote za kamati kwa sauti. Moja moja. Kazi yetu ilichukua saa mbili na thermosi mbili za chai. Inayobaki, semeni inabaki. Inayoguswa, iwekeni pembeni kwa kikao kingine.

Wengi huuliza kama kamati mpya lazima "ithibitishe" kanuni za zamani ndipo zifanye kazi. Hapana. Zinafanya kazi tayari. Kuthibitisha kunasaidia kukumbushana, ila kuna mtego: mkiandika "tumethibitisha kanuni ya 1, ya 3 na ya 5", kesho mjanja atasema ya 2 na ya 4 zimekufa. Andikeni hivi: "Kamati imesoma kanuni zilizopo na kuzitambua kuwa zinaendelea, isipokuwa zitakapobadilishwa."

Mkishindwa kuelewana, anzeni na kamati ya usimamizi kama mnayo, kisha afisa biashara wa wilaya. Kwa vyama vya ushirika, sheria imeweka utaratibu wa kupeleka migogoro ya ndani kwa mwamuzi, kwa hiyo anayekimbilia mahakamani moja kwa moja huenda akarudishwa. Nendeni na vitabu. Afisa wetu, kabla hatujakaa, aliuliza, "Kitabu kiko wapi?"

Ile ya mara tatu ilirudi mkutano mkuu mwaka uliofuata. Mwenyekiti alipendekeza iwe mara nne, kwa utaratibu kabisa, taarifa imebandikwa mlangoni wiki tatu. Mama wa dagaa alisimama kabla ya kura, akaomba isomwe kwanza ile ya zamani, na nani aliyeiunga mkono. Nikasoma. Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akiwa wa kwanza kucheka. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono: mara tatu ikabaki. Nikaiandika kwenye kauntabuku mpya, na ile ya mchwa nikaifunga kwenye nailoni na kuirudisha sandukuni.